Meja Hatangulii: Nilivyomfundisha Mkwe Wangu Kiingereza

Bariadi, Jumamosi. Tangu asubuhi mawingu yanatishia tu, mvua yenyewe hakuna. Goti langu la kushoto linasema itanyesha, na goti langu halijawahi kudanganya mtu. Mwenye goti ndiye wa kumwangalia vizuri.

Nimeamka na furaha halafu na hasira kidogo. Juzi kwenye msiba nimesikia watu wanaisimulia ile habari ya Mzee Masalu na Kiingereza, na wote wanaikosea. Mmoja anasema mwalimu ndiye aliyemwelewesha. Mwingine anasema mzee alipigwa teke na mbuzi akili ikafunguka. Uongo mtupu.

Ni mimi. Mimi Ngasa, ambaye sijakaa darasani hata dakika moja.

Kwa hiyo leo natamka mwenyewe, mjukuu wangu Limi anagonga kwenye simu. Maneno ya Kizungu nimemwambia ayaandike kama ninavyoyasema, asirekebishe. Bibi yake Kabula yuko hapa mlangoni anachambua choroko, anajifanya hasikii.

Ilikuwa miaka ya hamsini na kitu, kabla ya uhuru. Mimi kijana, nyama imejaa mabegani, hakuna mtu kuanzia huku mpaka Maswa aliyenizidi kushika plau. Sijisifu. Naeleza tu. Nilikuwa nalima kwa Mzee Masalu, mwenye ng'ombe wengi na binti mmoja. Binti ndiye huyu wa choroko.

Nilimtaka. Naye alinitaka, ingawa mpaka leo anasema alinionea huruma.

Shida ilikuwa mzee. Alipenda mikono yangu, mdomo wangu hakuupenda. Siku nilipomgusia kidogo kwamba nataka kuleta washenga, alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Bebe, wewe Ngasa, washenga wako waje siku nitakayomsikia bwana mifugo kwa masikio yangu, bila mkalimani."

Alikuwa ananifukuza kwa utani. Mimi nikaishika ile kama ahadi.

Maana kweli mzee alikuwa anajifunza Kiingereza. Aliudhika na mkalimani. Mzungu wa mifugo anaongea mpaka jua linahama, mkalimani anageuka anasema, "Bwana anasema sawa." Sawa nini? Mzee akaona bora ajifunze mwenyewe. Alikuja mwalimu mmoja kijana kutoka Nassa, anaitwa Elia, akawa anafundisha watu wazima mara tatu kwa wiki, alasiri, ndani ya ghala la pamba likiwa tupu. Mimi nikitoka shamba nasimama dirishani. Nasema ninapunga upepo.

Majina ya vitu mzee aliyameza yote. Mwalimu aliyaita nauni. Ng'ombe ni kau, mbuzi gouti, mbwa dogu, mtu meni. Alikuwa anatembea njiani anavitaja vitu kama anavigawia vyakula.

Tatizo lilikuwa kuyapanga.

Mzee aliyapanga kwa heshima. Yeye kazaliwa hivyo, na sisi wote hivyo hivyo: ukitaja watu unaanza na mkubwa. Basi kwenye Kiingereza mtu anatangulia ng'ombe, ng'ombe anatangulia mbuzi, mbwa anakuja mwisho kabisa. Mwalimu akimwambia aseme mbwa kamuuma mtu, mzee anasema, "Meni baiti dogu." Darasa zima linacheka. Mwalimu anasema, "Baba, hapo umesema mtu ndiye kamuuma mbwa." Mzee anajibu, "Mtu hawezi kutembea nyuma ya mbwa, ng'wanawane, mwanangu. Hata kwa Wazungu."

Siku moja mwalimu naye akachoka. Akaandika ubaoni, halafu akasoma kwa sauti: "Ze gouti kiksi Masalu." Mbuzi anampiga teke Masalu.



Mzee akauliza taratibu, "Hapo jina langu liko wapi?"

"Mwisho, baba."

"Nyuma ya mbuzi?"

"Nyuma ya mbuzi, baba, ila maana yake..."

Mzee hakungoja maana. Akachukua fimbo yake, akatoka. Alipita pale dirishani bila kuniona, na mimi nikaona harusi yangu inatembea kwenda nyumbani na ile fimbo.

Usiku ule sikula. Nakiri. Kama mzee anaacha Kiingereza, mimi namwacha Kabula.

Asubuhi yake tulikuwa na kazi ya kulima lile shamba la karibu na kisima. Ng'ombe wanne, jozi mbili. Anayejua plau anajua, na asiyejua nitamweleza: jozi ya mbele ndiyo inashika njia, jozi ya nyuma iko karibu na plau, inabeba uzito. Nilikuwa na Meja, dume kubwa kuliko yote, nundu kama kichuguu, mzee wa zizi. Meja alikaa nyuma siku zote. Na nilikuwa na Sindano, kamwembamba tu, mbavu unazihesabu, ila akiingia kwenye mstari hatoki. Sindano alikaa mbele.

Basi mimi, kwa akili zangu hizi, nikapanga darasa. Nikamfunga Meja mbele. Sindano nikamweka nyuma kwenye uzito.

Mzee akaja na fimbo yake, uso bado umefunga.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia.

"Mwangaluka," akaitika kama mtu anayetema mbegu.

Nikapiga mluzi. Ng'ombe wakaondoka. Jamani! Meja hakuwahi kutangulia kitu chochote maishani mwake. Alitembea hatua kumi vizuri, akaona majani mazuri kushoto, akaenda kushoto. Akakumbuka zizi, akaenda kulia. Sindano huko nyuma anavutwa kama nguo ya kufuliwa. Mstari ulijikunja kama nyoka aliyekanyagwa, tukatoka shambani, tukaingia kwenye matuta ya viazi ya mama yake Kabula, plau ikafukua viazi vinang'aa juani.

Mzee akaja anakimbia. Sijawahi kuona mzee akikimbia vile.

"Ngasa! Umelewa? Nani kakufundisha kumweka Meja mbele?"

"Si ndiye mkubwa, baba. Nimempa heshima yake."

"Heshima gani! Mbele si heshima! Mbele ni kazi! Anayejua kazi ya mbele ndiye anakaa mbele, hata awe na mbavu kama..."

Akakatika hapo hapo. Mdomo wazi.

Akamwangalia Meja. Akamwangalia Sindano. Akaniangalia mimi. Nikakaa kimya, jambo ambalo Kabula anasema ndio muujiza mkubwa wa hadithi yote.

Mzee akasema polepole, "Gouti kiksi Masalu. Mbuzi yuko mbele kwa sababu teke ni lake."

"Eeh, baba."

"Na mimi niko nyuma kwa sababu teke linanifikia mimi. Si kwamba mbuzi amenizidi."

"Hata kidogo, baba."

"Nikihamia mbele, ni mimi nampiga yeye. Na jina langu halibadiliki hata herufi. Masalu yule yule, kama Meja alivyo Meja yule yule ukimfunga mbele au nyuma." Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa juu ya tuta la viazi. "Ngasa, hawa Wazungu wanafunga maneno yao kwenye nira!"

Alasiri ile alirudi ghalani. Alikaa mbele kabisa.

Siku ya chanjo ya ng'ombe ikafika. Watu wamejaa, ng'ombe wamejaa, vumbi hadi kwenye meno. Bwana mifugo kaja na mbwa wake mrefu. Yule mbwa akachomoka, akamrukia ndama wa mzee mguuni. Mzungu akamwita mbwa wake, akamwambia mkalimani maneno, uso umemwiva. Mkalimani akageuka. Akasema, "Bwana anasema ndama wako amemchokoza mbwa wake."

Nilikuwa nimeshika kamba ya Meja.

Mzee akainua fimbo. "Hapana. Bwana kasema ze dogu baiti ze kafu. Dogu ndiye alikuwa mbele. Dogu ndiye mwenye kazi. Ndama wangu alikuwa nyuma, kaumwa tu." Akamgeukia Mzungu. "Dogu baiti kafu. Yesi?"

Mzungu akafungua macho. "Yesi," akasema. Akampa mzee mkono, akamwomba radhi, yeye mwenyewe, bila mkalimani. Watu wakapiga vigelegele hata ng'ombe wakashtuka. Mkalimani akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mzee akapita karibu yangu, hakunitazama. Akasema tu, "Waambie washenga wako wasije mikono mitupu."

Ndiyo ilivyokuwa. Watoto saba, wajukuu sihesabu, na mkwe wangu mpaka anakufa alikuwa ananitambulisha kwa watu: huyu ndiye alinifundisha Kiingereza kwa ng'ombe.

Basi leo nina furaha, goti linauma, na nimeisema yote sawasawa.

Kabula ameacha choroko. Ananiangalia. Limi naye ameacha kugonga, anasubiri.

Haya.

Sikupanga lile darasa. Asubuhi ile Kabula alikuwa anateka maji kisimani, amejifunga kitenge chekundu, na mimi nilikuwa nafunga nira huku shingo imegeukia kule. Niligundua Meja yuko mbele tulipokuwa tayari ndani ya viazi. Lile la heshima nililitunga papo hapo nisichapwe.

Mengine yote ni kweli tupu.