Damu ya Bhoke

Nyambureti, Jumanne

Na mume wangu alinyamaza. Hilo ndilo linaloniuma.

Bhoke wetu amepimwa damu, ni kundi A. Mimi ni AB, baba yake O. Leo mama mkwe akasimama mbele ya wazee wa ukoo: "Mtoto huyu damu yake si ya mama wala ya baba. Katoka wapi? Ng'ombe wetu wa mahari warudi."

Mume wangu ni mwalimu wa baiolojia. Anajua kwamba AB na O huzaa A au B tu. Aliangalia viatu vyake.

Jioni nimemkuta anasahihisha mitihani. Swali lilikuwa hilo hilo. Mwanafunzi aliyeandika kwamba mtoto si wa baba huyo kapewa sifuri, na pembeni, kwa wino mwekundu: "Hili nilishafundisha."