Betri ya Mazishi

Mjukuu wangu Moraa,

Huku Manga tungali tunaamka, ila mvua imezidi. Babu yako Ombati, ndugu yangu asiyeona, anakusalimu. Umeuliza kwa nini sikukupongeza uliposema chaja unayobuni, ile ya kukaa ndani ya gari la umeme, itajaza haraka.

Miaka ya tisini Ombati alichaji betri za watu sokoni Daraja Mbili. Alizigusa ubavuni kwa kiganja; zikipata joto, alipunguza stima. Siku moja wafiwa walileta betri ya spika. "Harakisha, ndugu yetu, mwili uko njiani." Akawahurumia, akaongeza stima ingawa ilikuwa imeshapata joto. Betri ililipuka, asidi ikamwingia machoni.

Hadi leo Ombati hukigusa kikombe cha chai vivyo hivyo, kwa kiganja.

Usiniambie inajaza haraka kiasi gani, mama. Niambie kama inajua kuacha.

Ni mimi babu yako.