Maji Yanavujia Ndani

Kagugu, 3 Machi 2025

Baba mpendwa,
Shikamoo. Natumaini miguu imepata nafuu tangu urudi Ngara baada ya kumzika mume wangu, Sangwa. Mimi nipo; kuandika kwenye simu ni rahisi kwangu kuliko kuongea. Nimeanza kuendesha gari lake kwenda kuuza vitenge soko la Kimironko. Likipanda kilima, mshale wa joto nao unapanda. Naongeza maji kwenye rejeta, yanapungua tena, na chini hakuna hata tone. Wewe ndiye fundi. Niangalie nini?
Binti yako, Mugeni

Ngara, 5 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Miguu ni ile ile. Unakula lakini?
Kama chini ni pakavu, maji yanavujia ndani. Asubuhi, injini ikiwa baridi, chomoa kijiti cha kupimia oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini, usiwashe tena. Kisha papasa zulia upande wa abiria. Kifuniko cha rejeta usikiguse injini ikiwa ya moto.
Baba yako

Ngara, 20 Machi

Mugeni, hupokei simu. Siulizi habari za gari.
Baba

Kagugu, 24 Machi

Baba,
Shikamoo. Nisamehe, simu naiona ikiita.
Oili ni safi. Zulia limelowa, linanata, lina harufu tamutamu, na vioo vinaingia ukungu kwa ndani. Niliendelea kuendesha hivyo hivyo. Jana likazimika njiani, mvuke unatoka. Dereva wa pikipiki akapiga kelele, "Mama, usifungue!" Nikafungua kifuniko cha rejeta. Maji yakaniunguza mpaka kwenye kiwiko. Watu wakanizunguka, wakiniambia kwa lugha ya huku nijikaze, "Komera, komera," nami natazama ngozi ikivimba kama ya mtu mwingine. Sikusikia maumivu yoyote. Hata kaburini kwa Sangwa sikusikia kitu, baba.
Binti yako, Mugeni

Rusumo, 25 Machi

Mwanangu,
Injini ni nzima. Kinachovuja ni kirejeta kidogo cha hita, kile kinachopasha joto ndani ya gari, nyuma ya dashibodi. Nitakitoa mwenyewe. Mkono umeonwa na daktari? Leo usiende sokoni.
Mama yako alipofariki nilikaa kama wewe, nikifungua injini zisizo na ubovu wowote. Watu walinipigia simu tu, hakuna aliyekuja. Nimefunga karakana, nimeshavuka mpaka hapa Rusumo, nakuja kwako. Usijisumbue kunifuata stendi.
Baba yako, Zephaniah

Kagugu, 25 Machi

Baba,
Geti nimelifungua. Nimekaa hapa hapa mlangoni.
Mugeni wako