Ukurasa Mmoja wa Wamwera

Dar es Salaam

Kaka yangu Issa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Je, homa ya mama imepoa? Mimi mwili hauumwi, ila moyo hautulii.

Unamkumbuka yule mzungu niliyekuja naye Mbekenyera mwaka jana, nikiwa karani na mkalimani wake. Kitabu chake cha kueleza makabila ya nchi hii kimekwisha. Kila kabila limepewa ukurasa mmoja, na wetu nilipewa mimi kuupiga taipu.

Tulifika huko, unajua, siku ya pili baada ya dada yetu Somoe kumzika mwanawe. Tukakutana naye njiani, jembe begani. Bwana akaniambia nimuulize mbona halii. Somoe akanijibu kwa Kimwera, "Mvua imeanza. Nisipopanda, hawa wawili waliobaki watakula nini?" Nilitafsiri yote, sikupunguza. Lakini sikusema kuwa ni dada yangu. Niliona haya kwa ile kanga yake iliyochanika.

Ukurasani nikakuta hivi: "Wamwera hawana huzuni ya muda mrefu; mtoto akifa husahauliwa upesi."

Na wewe ndiye uliyeniandikia kwamba mpaka leo Somoe haruhusu mtu aguse ile mbeleko aliyombebea mwanawe.

Nikaingia kwa bwana na karatasi mkononi. "Bwana, yule mama ni dada yangu. Hajasahau. Na hata angesahau, ni yeye mmoja, si Wamwera wote."

Hakukasirika. Akasema, "Wasomaji wanataka kujua Wamwera wakoje, si dada yako yukoje."

Nikamwomba basi aweke yale aliyoyasema Somoe mwenyewe. Akasema nafasi haitoshi.

Nilipiga taipu nikairuka ile sentensi. Akaichomeka kwa kalamu, akanirudishia karatasi. Nikaipiga, kaka. Kwa vidole vyangu mwenyewe.

Juma lililopita vitabu vilifika kutoka Ulaya. Karani mwenzangu, Mgogo mmoja, mtu mwema sana, alisoma akaniuliza kwa upole, "Kumbe kwenu hamlii watoto?" Ukurasa wa kwao niliupiga mimi pia, nikacheka, nikaamini kila neno. Hakuna wa kuufuta wa kwetu wala wa kwao. Bwana shauri mpya anayekuja kutawala Nachingwea amekwisha kupewa nakala. Atakapopita Mbekenyera atakuwa anatujua tayari.

Nisalimie mama, shemeji, mwalimu wa chuoni, na mjomba wa Lionja.

Somoe usimsomee barua hii. Akiuliza yule mzungu aliandika nini juu yake, sema sikukueleza. Likizo hii sitakuja. Nikikaa naye ataniuliza mwenyewe, na mimi sijui kumdanganya.

Ni mimi mdogo wako,
Hamisi