Mkaa wa Dada Zainaba

Mjukuu wangu Mariama,

Hapa Mahajanga sote wazima. Mama yako hajambo, mimi magoti tu.

Umeniuliza kama ukishajifungua mtoto huyo, uliyemhangaikia miaka saba kwa sindano za madaktari, ukae chumba cha mkaa kama desturi yetu.

Dada yangu Zainaba alikuja kutoka Nosy Be kuzalia kwetu. Naye alikuwa amengoja miaka mingi. Alipojifungua tulifunga madirisha, nikaweka jiko la mkaa chini ya kitanda, nikamfunika mablanketi. Siku ya tatu akasema, "Mdogo wangu, naungua." Nikafurahi. Kwetu mzazi akiungua ndipo anapopona. Nikaongeza mkaa.

Kesho yake niliondoa jiko, na mwili wake ukabaki na moto uleule. Ilikuwa homa. Hospitali tulifika tumechelewa.

Ukisikia joto, Mariama, usingoje. Nenda kwa daktari. Faraja nyingine sina.

Hukuambiwa, lakini mtoto aliyebaki ni mama yako. Mpaka leo ananiita mama, na kila akiniita nashtuka kama mwizi.

Ni mimi,
Rukia