Mzee Mutua Hushika Taulo

Alhamisi. Jua kali, vumbi kwenye meno, na hasira ambayo sijui niiweke wapi.

Jumapili hii Susu, nyanya yangu, anabatizwa. Amesubiri miaka mingi, kwa sababu babu alipokuwa hai hakutaka. Ameshonewa gauni jeupe. Kila jioni analivaa, analivua, analikunja tena. Na kwenye mguu wake wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, ana kidonda ambacho hakijapona tangu Aprili.

Hapo ndipo shida yangu ilipo.

Mto wetu sasa ni mchanga mtupu. Watu wanachimba shimo la kufika kiunoni ndipo wapate maji ya kunywa. Lakini chini ya mabwawa ya majitaka ya mji kuna kidimbwi kisichokauka, na kanisa letu hubatiza hapo. Mchungaji husema Mungu ametuhifadhia. Hata mimi nilikuwa nikiitikia Amina, hadi klabu ya sayansi ilipotupeleka kuyaona hayo mabwawa.

Yako matatu. Maji yanapaswa kutulia siku nyingi katika kila moja, uchafu uzame, jua liue vijidudu. Lakini la kwanza limejaa tope ambalo halijazolewa kwa miaka, kwa hiyo maji yanapita tu, kama wanafunzi wanaokatiza uwanja kwenda nyumbani. Yanatoka karibu vile yalivyoingia. Kisha yanateremka kwenye kidimbwi chetu.

Jumanne nilichota maji ya pale kwa kichupa cha kupimia tulichopewa na mwalimu. Kina dawa ambayo hugeuka nyeusi maji yakiwa na kinyesi. Leo asubuhi kilikuwa cheusi kama wino.

Nikampelekea mchungaji baada ya masomo. Nilikuwa nimeandika maelezo ya ukurasa mzima. Nilisema sentensi mbili.

Akakiinua juani. "Mwende, hii si soda?" Akacheka, kisha akawa mpole, jambo lililoniudhi zaidi. "Mwanangu, yale maji tunayaombea kwanza." Akaahidi kuniombea na mimi pia.

Nikaenda kwa Mzee Mutua. Ni mzee wa kanisa, na ndiye mlinzi wa mabwawa, mwenye ufunguo wa geti. Nilimkuta akivuta povu kwa reki.

"Mzee, wewe unayajua haya maji."

Akatazama nyuma yangu kama kuna mtu. "Kasichana, nimeandika barua za kuomba hili tope lizolewe mpaka nimechoka. Nikisema kanisani, wataniuliza hapa huwa nafanya kazi gani."

"Na Susu?"

"Susu wako ana imani kubwa."

Imani! Kidonda hakina imani. Kidonda kiko wazi.

Susu mwenyewe nilimwambia jana, hata kabla kichupa hakijageuka. Akaniuliza kama nataka afe bila kubatizwa. Nilienda kulia kwenye zizi la mbuzi, na mmoja akala ukingo wa daftari langu la kemia.

Nilipokuwa natoka mabwawani leo, nikakumbuka kitu. Siku za ubatizo, mchungaji huingia majini. Wazee wengine huingia kuwashika watu mikono. Mzee Mutua husimama ukingoni, viatu vimeng'aa, akishika taulo. Kila mwaka. Nilidhani ni unyenyekevu.

Mimi ni yule msichana anayeomba radhi akigongwa na mtu. Sijawahi kusema neno kanisani zaidi ya kukariri mstari. Lakini Jumapili, wakati wa matangazo, nitasimama. Sitataja vijidudu wala kichupa. Nitaomba kitu kimoja tu: Mzee Mutua ashuke kwanza, peku, amshike Susu mkono.

Nimefanya mazoezi mbele ya mbuzi. Sauti ilitetemeka, lakini niliimaliza sentensi.

Akishuka, sitasema tena neno kuhusu yale maji.

Hatashuka.