Njia ya Matoroli Mawili

Jumatatu, 3 Machi

Baba Upendo,

Nimefagia uwanja. Nimechemsha chai ya watu wawili tena. Kikombe kimoja nimekimwaga.

Jana nilirudi kutoka kwenu Kisarawe, baada ya arobaini yako. Leo asubuhi nimekuta mafundi wanachimba msingi katikati ya njia yetu. Jirani wa mbele anajenga ghala la saruji. Ana kibali cha halmashauri.

Hatuna njia nyingine ya kufika barabarani. Wewe ulimchimbia marehemu baba yake kisima, naye akatupa njia. Mliipima kwa matoroli mawili, yapishane bila kugusana. Hakuna aliyeandika.

Jumatano, 5 Machi

Ofisi ya mipango miji. Benchi, saa mbili mpaka saa saba. Dada wa dirishani ana adabu. Akanifungulia faili. Majirani waliandikiwa barua, wakapewa siku thelathini za kupinga. Mimi sikupinga.

"Mama, hapa imeandikwa imepokelewa."

Pana sahihi mbele ya jina langu. Si yangu. Naijua. Ni ya mjumbe wetu, Mzee Kibwana.

Nina hasira.

Alhamisi, 6 Machi

Mzee Kibwana hakukana. Mleta barua alitaka sahihi, nami sipo, Mzee akaitia yeye. Akaja nayo msibani Kisarawe, mfukoni. Akanikuta nimekaa mkekani. Akarudi nayo.

"Ningekupaje mambo ya viwanja, mwanangu, hata tanga halijaanuliwa?"

Alidhani inaweza kusubiri. Kisha akaisahau kwenye koti.

Nilikwenda kugomba. Nimerudi na mihogo aliyonipa. Siwezi kumchukia. Ndiye aliyetangulia mbele ya jeneza lako.

Jumanne, 11 Machi

Tumekwenda wote wawili mipango miji. Mzee alivaa koti lile lile. Alisimama mbele ya afisa akasema kosa ni lake, huyu mama hana habari.

Afisa akatabasamu. "Mzee wangu, kamati ilishakaa. Tena ramani inaonyesha mama ana barabara nyuma."

Nyuma kuna korongo. Mbuzi wenyewe wanalizunguka. Nimewaomba waje waone kwa macho. Nimepewa namba ya malalamiko kwenye kipande cha karatasi. Nimekiweka kwenye Biblia yako.

Jumatatu, 17 Machi

Hakuna aliyekuja. Ukuta umefika begani, umeniachia upenyo mwembamba.

Fundi mkuu ana mzaha. "Mama Upendo, usinenepe, tutakuja kukuvuta kwa kamba!" Wenzake wakacheka. Nami nikacheka. Nikaingia ndani, nikalia.

Nimejaribu na toroli lako. Halipiti.

Nimekuwa kuku ndani ya tenga.

Ijumaa, 21 Machi

Afisa amekuja. Nilikuwa nimekaanga maandazi, nimetandika na kitambaa. Aliegesha gari mbele ya ghala, akapiga picha mbili, akaondoka. Huku nyuma hakufika.

Maandazi nimewapa mafundi. Yangelala.

Jumapili, 30 Machi

Ukuta umekwisha. Jana ilikuja barua ya halmashauri. Malalamiko yangu yamefika nje ya muda. Mzee Kibwana aliileta mpaka mlangoni, amepita ubavu, koti limejaa vumbi. Safari hii hakuthubutu kushika kalamu. Nimesaini mwenyewe.

Leo nimekwenda kanisani ubavu ubavu. Gauni la kitenge, lile ulilonunua kule sokoni Picha ya Ndege, limekwaruzwa na saruji. Nikasimama katikati. Nikakumbuka wewe ulipita hapa mabegani mwa watu sita, watatu kila upande, na hawakugusa kitu. Mimi sijui watanipitisha wapi.

Sikumwambia mtu. Upendo nitamwambia akija Pasaka.

Jioni nimefagia uwanja. Nimefagia na njia, mpaka mwisho wake. Siku hizi haichukui muda.

Huko uliko, Baba Upendo, unikumbuke.